Sewa Haji: Mfanyabiashara wa Nguo Aliyewausia Wagonjwa Mali Yake



Kila mtu aliyewahi kumpeleka mgonjwa Muhimbili amelisikia jina la Sewahaji. Ni jina la jengo la wodi, sambamba na Kibasila na Mwaisela. Ndugu wengi hupanda ngazi za jengo hilo wakiwa wamebeba chupa za uji na mashuka bila kujua kwamba jina lile lilitoka kwetu, katika maduka ya nguo ya Bagamoyo, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mwaka huu kamati imeona ni vizuri tumkumbuke mwenye jina hilo kabla hatujaombana michango, kwa sababu namna alivyotoa ina somo kwa chama kama chetu. Nimepewa kazi ya kuandika kwa kuwa mimi ni mhasibu, na maisha ya mfanyabiashara husomeka vizuri kwa jicho la hesabu.

Familia iliyovuka bahari

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Asili yao ni Kutch, upande wa magharibi ya Bara Hindi. Nchi ile ni kame, na watu wake walizoea kutafuta riziki baharini. Majahazi yao yalikuja kwetu na pepo za kaskazi na kurudi na kusi. Walileta nguo, wakaondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi.

Katikati ya karne ya 19 familia hiyo ilifungua duka dogo Unguja, wakati Zanzibar ikiwa soko kuu la Afrika Mashariki yote. Katika miaka ya 1860 baba yake Sewa alivusha biashara hadi Bagamoyo, na haikuwa bahati nasibu. Bagamoyo inatazamana na Unguja, na njia ya misafara ya kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ujiji ilianzia hapa. Mwenye duka Unguja aliuza kwa wafanyabiashara wenzake. Mwenye duka Bagamoyo alikutana uso kwa uso na msafara wenyewe, siku ya kuondoka na siku ya kurudi.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 18, Sewa aliingia rasmi katika biashara ya familia. Alikuta duka, jina na wateja. Yeye aliongeza ukubwa.

Nguo ndiyo iliyokuwa fedha

Ili tuielewe kazi yake lazima tujue nguo ilikuwa na maana gani wakati huo. Huko bara sarafu haikuwa na kazi kubwa. Aliyetaka chakula njiani, ruhusa ya kupita au pembe ya ndovu alilipa kwa nguo, ushanga au masango ya shaba. Msafara ulipofunga safari Bagamoyo ulikuwa umebeba fedha yake yenyewe mabegani.

Nguo kubwa ya biashara ilikuwa merikani, shiti nyeupe isiyopaushwa. Jina lake lilitokana na Marekani, kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said na Marekani kutiliana mkataba wa biashara mwaka 1833. Kisha kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa nili, iliyotoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, merikani iliadimika na bei ikapanda. Nguo za Uingereza zikapata nafasi, na baadaye viwanda vya Bombay vikajaza soko. Mfanyabiashara wa Kutch, mwenye ndugu na jamaa Bombay, alikuwa amekaa mahali pazuri mabadiliko hayo yalipokuja.

Vipimo vya biashara ile bado tunavyo midomoni. Mikono minne ilikuwa shuka. Shuka mbili zilikuwa doti, na leo mama akinunua kanga bado anasema doti. Nguo nzima kama ilivyotoka kiwandani ilikuwa jora. Posho ilikuwa kipande cha nguo ambacho mpagazi alipewa akabadilishe na chakula vijijini. Hongo ilikuwa malipo halali kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Maana ya neno hilo imeharibika baadaye.

Mpagazi mmoja alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake vyombo vyake mwenyewe na mkeka wa kulalia. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu walioifanya kazi hiyo kuwa fani, wenye wanyampara wao na kirangozi aliyetangulia mbele. Kufika Tabora kulichukua miezi, na kwenda Ujiji na kurudi kungeweza kumaliza mwaka na zaidi. Nguo iliyotoka dukani mwaka huu ililipwa kwa pembe mwaka unaofuata, au ule wa tatu, au isilipwe kabisa ikiwa msafara umepatwa na ndui, njaa au vita.

Hapo ndipo biashara ya akina Paroo ilipokuwa na uzito. Kuuza nguo rejareja kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kutoa mali kauli: mkuu wa msafara anachukua majora, ushanga, masango, bunduki na baruti kwa deni, na deni linaandikwa kwa thamani ya pembe atakazoleta. Faida ilikuwa kubwa kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa. Mwenye duka alihitaji mtaji wa kungoja, na alihitaji kuwajua watu, maana dhamana ya mteja ilikuwa jina lake. Kwa lugha ya leo, nyumba ya Paroo ilikuwa duka la jumla, benki na wakala wa usafirishaji chini ya paa moja.

Kijana wa miaka 20 na mwandishi wa magazeti

Mwaka 1871 alifika Bagamoyo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyetumwa kumtafuta Dkt. Livingstone. Alikuwa na shehena kubwa ya nguo, shanga na masango, na hakuwa na wapagazi. Aliyemwendea ni Sewa Haji, kijana wa miaka 20 wakati huo.

Stanley aliondoka akiwa na hasira. Katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1872 alimlalamikia kijana yule kwa kurasa kadhaa: kwamba alimcheleweshea wapagazi, kwamba hesabu za ujira na za mali hazikukaa sawa, na kwamba alikuwa mjanja kupita umri wake. Jina lake alilisikia vibaya na kuliandika vibaya, lakini waliosoma habari za mji wetu wanajua ni nani.

Hatuna sababu ya kumtetea moja kwa moja. Malalamiko ya mteja ni malalamiko, na kijana huyo alijua kwamba mgeni mwenye haraka hana pengine pa kwenda. Ila kwa uadilifu wa hesabu, tumebaki na daftari la upande mmoja. Stanley alitaka watu zaidi ya mia, kwa haraka, watakaokwenda mbali kuliko misafara mingi, na alitaka bei ya chini. Mwishowe aliwapata, misafara yake ikaondoka mmoja baada ya mwingine, na akafika Ujiji.

Baada ya hapo jina la Sewa Haji lilizidi kukua. Wavumbuzi, wamisionari, wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kiarabu walipotaka kwenda bara, mlango wa kugonga Bagamoyo ulijulikana.

Upande mwingine wa daftari

Mhasibu hawezi kuandika faida akaacha gharama, na gharama nyingine za utajiri ule hazikulipwa na mwenye duka.

Pembe zilizojaza maghala ya Bagamoyo zilitoka kwa tembo waliouawa mpaka wakatoweka katika maeneo makubwa, na misafara ikalazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka. Wapagazi walikufa njiani kwa ndui na kuhara. Na katika njia zile zile walipitishwa watu waliokamatwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara haikukoma siku hiyo. Bunduki na baruti zilizouzwa kwa mali kauli Pwani zilitumika bara kwa mambo ambayo muuzaji hakuuliza. Mji wetu wote uliishi kwa uchumi huo, kuanzia wenye majahazi mpaka wauza maji. Kumsifu Sewa Haji bila kusema hivyo ni kuwadanganya watoto wetu.

Nasema haya pia kwa sababu alichokifanya baadaye kinaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka mali ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitokana na kazi ya miguu na mabega ya watu weusi, na ilipofika siku ya kuigawa, watu hao hawakuachwa nje ya hesabu.

Vita, Wajerumani na mji unaoanza kupungua

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijaribu kuitawala Pwani. Watu walikataa. Mwezi Septemba mapigano yalifika Bagamoyo, manowari ya Kijerumani ikaupiga mji mizinga, na wakazi wengi wakakimbia. Abushiri bin Salim aliyeongoza vita hivyo alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani wakaifanya Bagamoyo makao yao, kisha mwaka 1891 wakahamishia serikali Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina.

Wafanyabiashara wa Bagamoyo walijikuta na mtawala mpya aliyehitaji kile kile walichokuwa nacho: wapagazi, nguo na vyakula. Sewa Haji alifanya biashara na serikali hiyo na akaendelea kutajirika. Alinunua nyumba na viwanja, vingine Bagamoyo, vingine Dar es Salaam. Lakini mtu mwenye akili ya biashara aliweza kuona kwamba enzi ya msafara wa miguu ilikuwa inaelekea jioni. Alikuwa na miaka 40 na kitu. Ndipo alipoanza kutoa.

Shule yenye sharti

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alitoa jengo la mawe hapa Bagamoyo ili liwe shule, akalikabidhi kwa serikali ya Kijerumani. Alitoa pamoja na sharti: shule isiwe ya watoto wa Kihindi peke yao, ipokee watoto wa rangi zote.

Tulipime jambo hilo kwa wakati wake. Serikali za kikoloni zilipanga kila kitu kwa rangi, na jumuiya za Kihindi zenyewe zilijenga shule zao kwa ajili ya watoto wao. Kuwa na jengo, kuwa na fedha, na kisha kumwambia gavana kwamba jengo hili hulipati mpaka mtoto wa Kiafrika akae ndani yake, lilikuwa jambo la kipekee. Shule ya Msingi Mwambao inabeba historia hiyo. Wengi wanaosoma kijitabu hiki walijifunza kusoma humo, au wazazi wao.

Alitoa pia kwa ajili ya tiba. Hospitali yetu ya Bagamoyo chimbuko lake ni hospitali ya Sewa Haji ya miaka hiyo hiyo ya 1890. Na Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali ya watu wasio Wazungu, maana hospitali ya Wazungu walikuwa wamejijengea ufukweni. Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam iliwahudumia Waafrika na Wahindi wakati wa Wajerumani na kisha wakati wa Waingereza, mpaka ilipofunguliwa Princess Margaret Hospital mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili. Jina lake likahamia kwenye jengo la wodi.

Wasia

Sewa Haji alifariki Zanzibar mwezi Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi.

Katika wasia wake nyumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviacha mikononi mwa serikali, ili mapato yake yatumike kwa wagonjwa maskini wa hospitali na kwa chakula cha wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo.

Naomba wasomaji wasipite haraka hapo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lililonifanya nikubali kuandika. Watu wengi wenye uwezo hutoa jengo. Jengo linapigwa picha, linakatiwa utepe, jina linaandikwa ukutani. Sewa Haji alitoa majengo, kisha akaacha mali nyingine inayozaa pango ili fedha ya kuendeshea isikosekane. Aliuliza swali ambalo kila mhasibu huuliza na kila mfadhili huchoka kulisikia: mwaka wa pili nani atalipa? Wagonjwa wa ukoma wanakula kila siku, na chakula cha kila siku hakilipwi kwa mchango wa mara moja. Waislamu wanaijua njia hii katika wakfu, shamba au nyumba inayofungwa isiuzwe ili zao lake liendeshe msikiti au madrasa. Yeye aliitumia kwa hospitali.

Biashara iliendelea kwa njia nyingine

Je, nyumba ya biashara iliishia hapo? Katika duka la Bagamoyo alikuwepo msaidizi aliyekuja kutoka Kutch akiwa kijana mdogo, jina lake Allidina Visram. Alijifunza kazi kwa Sewa Haji: mali kauli, pembe, namna ya kumjua mteja. Bwana wake alipofariki, Allidina ndiye aliyeibeba fani ile mbele. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, alifuata reli, akafungua maduka njiani mpaka Uganda, na huko akaingia katika viwanda vya kuchambua pamba. Kwa hiyo biashara iliyoanza kwa kuleta nguo ya ng'ambo ilifika mahali pa kuandaa pamba yetu wenyewe kwenda sokoni. Allidina alifariki mwaka 1916, na shule ya sekondari yenye jina lake ipo Mombasa mpaka leo, iliyojengwa na mwanawe.

Vizazi vitatu, basi: baba aliyevuka bahari na duka dogo, mwana aliyelikuza hadi likawa jina kubwa la njia ya misafara, na msaidizi aliyeirithi kazi bila kuwa wa damu. Na tabia ya kutoa nayo ilirithiwa pamoja na kazi.

Bagamoyo haikuwa na bahati hiyo. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Misafara ikakoma, maghala yakabaki matupu, na vijana wakafuata kazi mjini. Wengi wetu ni wajukuu wa safari hiyo ya kilomita 70. Tunaishi Dar es Salaam na miji mingine, tunapata riziki huko, na nyumbani tunakwenda kwa misiba, arusi na sikukuu.

Tunaombana nini mwaka huu

Chama chetu kimejenga kwa miaka kadhaa, na wanachama wanastahili shukrani. Lakini sote tumeona, hapa na kwingineko, darasa zuri lililopoteza paa kwa sababu hakuna aliyepanga bajeti ya misumari, na choo cha shule kilichofungwa mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwa kukosa mtu wa kulipia bomba.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba katika kila mchango wa harambee ya mwaka huu, sehemu itengwe katika mfuko wa matengenezo. Mfuko huo usiguswe mtaji wake, zitumike faida zake peke yake, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka. Mtu akitoa bati, atoe na cha kulitunza. Asiye na fedha atoe ufundi wake: seremala, fundi bomba, mwalimu mstaafu, mshonaji. Wenye nyumba au viwanja nyumbani ambavyo havitumiki wafikirie kuviweka chini ya chama kwa pango, kwa maandishi, na sharti walitakalo waliandike.

Sewa Haji alikuwa tajiri mmoja, na sisi tu wengi wenye kidogo kidogo. Doti moja haijazi ghala, lakini misafara yote iliyotoka Bagamoyo ilihesabiwa doti kwa doti. Fomu ya ahadi imewekwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tafadhali ijaze, utaje na kiasi unachotenga kwa matengenezo, umrudishie mweka hazina wa tawi lako kabla ya siku ya harambee.